Stempenyu Apige Orutu: Riwaya ya Kiyidishi Mbele ya Jukwaa la Kiswahili

Suala la tafsiri limewashughulisha wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tangu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Aghalabu mjadala huwa juu ya maneno: je, mtafsiri amepatia au amekosea? Ni nadra kuulizwa swali la pili, ambalo kwa watu wa jukwaa ndilo zito zaidi: kazi ya kigeni ikishapata maneno ya Kiswahili, itapata wapi sauti yake? Swali hili halikwepeki pale ambapo mhusika mkuu ni mwanamuziki. Mfalme aweza kuigizwa na mtu asiyekuwa mfalme, na daktari aweza kuigizwa na mtu asiyejua hata kufunga kidonda. Mwanamuziki hawezi kuigizwa na mtu asiyejua kupiga ala. Watazamaji watamgundua kabla hajamaliza wimbo wa kwanza.

Kazi inayofaa kuchochea mjadala huu ni Stempenyu, riwaya fupi ya mapenzi iliyotolewa mwaka 1888 na Sholem Aleichem. Mwandishi huyo aliishi kati ya mwaka 1859 na 1916, na jina lake halisi ni Sholem Rabinovich. Jina lake la kalamu si jambo la kigeni hata kidogo, kwani ni salamu ya kuombeana amani, dada wa salamu ile ile ambayo Waswahili huitoa kila siku mlangoni. Kwa hiyo kabla hata sentensi yake moja haijatafsiriwa, mwandishi huyu ameshabisha hodi kwa maneno yanayoeleweka Lamu na Pemba. Aliandika kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, iliyochimbuka katika Kijerumani, ikachota maneno ya Kiebrania na ya Kislavoni, na ikaandikwa kwa hati ya Kiebrania. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusoma historia ya Kiswahili, pamoja na karne zake za hati ya Kiarabu na hoja zile zilizochakaa kwamba ni lugha ya mchanganyiko tu, atatambua aina ya dharau ambayo Kiyidishi kilivumilia. Hata wasomi wa Kiyahudi walikiita kijilugha cha jikoni. Sholem Aleichem alikuwa miongoni mwa wale walioamua kwamba lugha ya jikoni yaweza kubeba fasihi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Stempenyu ni mpiga fidla kijana, mzuri wa sura, anayezunguka na bendi yake kupiga katika harusi za miji midogo. Kila aendako wanawake humkodolea macho na wazee hulia akipiga. Ameoa, na mkewe, Freydl, ndiye ashikaye mkoba na kukopesha fedha kwa riba. Katika harusi moja anamwona Rokhele, mke wa Moyshe-Mendl. Rokhele anaishi kwa wakwe zake. Analishwa vizuri, anavishwa vizuri, mavyaa hamwondolei jicho, na mumewe hana habari naye. Mumewe huyo ana vitabu vyake vya dini na wenzake wa msikitini mwao, na maneno anayomwambia mkewe kwa siku yanahesabika kwa vidole. Stempenyu anampenda Rokhele, anampelekea barua, nao wanakutana usiku. Hapo ndipo riwaya inapogeuka. Kumbukumbu ya rafiki yake marehemu, Khaye-Etl, ambaye mapenzi yalimvunja moyo, inamsimamisha Rokhele. Anarudi nyumbani. Baada ya hapo mume anazinduka, wawili hao wanahamia mji mwingine, wanafungua duka na kupata mtoto. Stempenyu anabaki na fidla yake na Freydl wake.

Msomaji wa leo huenda akauliza: ndiyo hayo tu? Hakuna aliyetoroka, hakuna aliyeuawa, hakuna aliyenywa sumu? Ndiyo hayo tu, na ilikusudiwa hivyo. Wakati ule soko la Kiyidishi lilikuwa limejaa hadithi za mapenzi za mwandishi aliyejiita Shomer, zenye mabinti maskini wanaogeuka wake wa makabaila na wapendanao wanaofufuka baada ya kudhaniwa wamekufa. Mwaka uo huo wa 1888 Sholem Aleichem alitoa kitabu kizima cha kumshtaki Shomer, kilichoandikwa kwa sura ya kesi mahakamani. Stempenyu ilikuwa upande wa pili wa hoja hiyo: riwaya ya mapenzi isiyoazima mapenzi ya watu wengine. Aliitabaruku kwa mwandishi mkongwe Mendele Moykher Sforim, aliyemwita babu, na katika tabaruku hiyo alikiri kwamba ni Mendele aliyemfundisha kuwa mapenzi ya watu wao yana hali zake, na kwa hiyo riwaya yao haiwezi kuwa nakala ya riwaya ya mataifa mengine. Hata mhusika mkuu hakubuniwa kutoka hewani. Alitokana na mpiga fidla wa kweli wa mji wa Berdychiv, Yosele Druker, aliyefariki mwaka 1879 na ambaye watu walimjua kwa lakabu hiyo hiyo ya Stempenyu.

Ilipokuja zamu ya jukwaa, mambo hayakwenda vizuri. Sholem Aleichem mwenyewe aliigeuza riwaya yake kuwa tamthilia, na Februari 1907 ikaonyeshwa New York katika ukumbi wa Boris Thomashefsky. Usiku uo huo, Jacob Adler, hasimu wa Thomashefsky, alifungua katika ukumbi wake tamthilia nyingine ya mwandishi huyo huyo. Tamthilia zote mbili zilianguka, na baada ya majuma machache hazikuwepo tena. Mwaka 1929 Maurice Schwartz alijaribu tena katika jumba lake la sanaa ya Kiyidishi mjini humo, safari hii muziki ukitungwa na Joseph Achron, ambaye kabla ya kuwa mtunzi alikuwa mpiga fidla hodari. Kutokana na muziki huo Achron alitengeneza vipande vya fidla na piano vilivyopewa jina la Stempenyu, navyo vinapigwa hadi leo na watu ambao hawajapata kuiona tamthilia yenyewe.

Linalojitokeza katika historia hiyo fupi ni kwamba kilichodumu ni fidla. Tofauti kati ya riwaya na jukwaa ndiyo iliyo nyuma ya jambo hili. Katika riwaya, msimulizi humwambia msomaji kwamba Stempenyu alipogusa uzi, watu walihisi roho zao zikitoka, na msomaji huamini kwa sababu hana njia ya kusikia kinyume chake. Jukwaani hakuna wa kuaminiwa. Mtazamaji husikia kwa masikio yake. Mpigaji akiwa wa wastani, Rokhele ataonekana mjinga aliyebabaishwa na koti zuri, na kukataa kwake kutakuwa hakuna thamani, maana mtu hasifiwi kwa kukataa kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Kwa hiyo sharti la kwanza la tamthilia hii ni kwamba ukumbi mzima uwe umempenda Stempenyu kwanza. Mhadhiri aliye kiti cha mbele, mlinzi aliye mlangoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeletwa kwa nguvu: wote wawe wametekwa. Hapo ndipo Rokhele atakaposema la, na ukumbi utahisi uzito wake.

Kenya haina upungufu wa mahali pa kumpata mpigaji wa namna hiyo. Mtu wa kwanza kufikiriwa huenda akawa mpiga fidla wa taarabu, na pendekezo hilo lina mantiki, kwani neno fidla lenyewe Kiswahili kimelipokea na kulilea katika taarabu ya Unguja. Lakini mpiga fidla wa taarabu ameketi katikati ya wenzake wengi, na fidla yake ni sauti moja miongoni mwa sauti. Stempenyu ni mtu wa peke yake hata akiwa na bendi. Aliye karibu naye zaidi ni mpiga orutu wa nchi ya Waluo.

Orutu ina uzi mmoja tu. Mwili wake ni kigogo kidogo kilichochimbwa na kuwambwa ngozi, aghalabu ya kenge, na hupigwa kwa upinde. Mtu asiyeijua akiiona imetundikwa ukutani hudhani ni kitu cha kuchezea watoto. Uzi huo mmoja huweza kulia kama binadamu, na katika ala za nchi hiyo hakuna nyingine inayokaribia sauti ya koo kiasi hicho, hata nyatiti yenye nyuzi nane, ambayo heshima yake ni kubwa zaidi. Wapo watakaosema kwamba nyatiti ndiyo ingestahili, kwa kuwa ndiyo ala kuu. Hoja hiyo inasahau jukwaa. Mpiga nyatiti huketi chini kwenye kigoda, ala imelala mbele yake, njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu, naye hatoki hapo mpaka wimbo uishe. Mpiga orutu husimama. Aweza kutembea, kumzunguka bibi harusi, kusogelea kiti cha mtu fulani na kumwinamia sikioni. Stempenyu lazima aweze kusogea.

Ulinganifu haukomei kwenye ala. Wapiga muziki wa Kiyahudi walikuwa na hadhi ya ajabu: hakuna harusi iliyokamilika bila wao, na hakuna baba aliyetaka kumwoza binti yake kwao. Walikuwa na msimbo wao wa maneno ambao watu wa kawaida hawakuuelewa, na Sholem Aleichem aliutumia katika riwaya. Mwanamuziki wa Kiluo, jathum, anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Msibani ataitwa, harusini ataitwa, sherehe ya pombe haitachangamka bila yeye. Kisha asubuhi wazee watasema kwamba ni mtu asiye na kwake. Hata lakabu ya Stempenyu haingewashangaza watu wa Migori wala wa Homa Bay. Ni eneo ambalo Ochieng Kabaselleh alilipeleka jukwaani jina la Mkongomani Joseph Kabasele, na ambalo limesikiliza kwa miongo mingi bendi ya D.O. Misiani iliyobeba jina la Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania. Mwanamuziki kujiita Stempenyu huko si ajabu. Waigizaji wengine wabadilishiwe majina, Rokhele apewe jina la binti wa kando ya Ziwa, lakini yeye abaki na lakabu yake.

Na mahali pa kisa pawe Osiri. Osiri ya Nyatike, katika kaunti ya Migori, inajulikana kwa machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mahali pa machimbo pana mambo mawili ambayo tamthilia hii inayahitaji. Kwanza pana fedha zinazoingia kwa ghafla na kutoka kwa ghafla, na fedha za namna hiyo huwafuata wanamuziki kama nzi wafuatavyo asali, au pengine ni wanamuziki wanaozifuata. Pili, pana mume anayetoweka. Moyshe-Mendl wa riwaya anatowekea vitabuni. Moyshe-Mendl wa Osiri atatowekea shimoni. Si lazima awe mtu mbaya, na kwa kweli asiwe. Anachimba kwa ajili ya mkewe, anarudi amechoka, anakula, analala, na mwaka unapita bila yeye kumwita mkewe kwa jina. Mke amekaa katika boma la wakwe zake, ametunzwa, amenona, ametengwa. Hakuna atakayehitaji maelezo ya desturi za Ulaya ya Mashariki ili aelewe hayo.

Lakini hazina kubwa kuliko zote ambayo nchi hiyo ingempa Stempenyu ni pakruok. Katika ngoma ya Waluo, mtu hutoa fedha, muziki husimamishwa, naye husimama na kujisifu, au kumsifu ampendaye au rafiki yake, kwa mafumbo na lakabu. Akimaliza, ala hupokea na ngoma huendelea mpaka mwingine atoe fedha. Wataalamu wa fasihi simulizi wameuchambua utanzu huu kama majigambo, na wako sahihi, ila jina hilo linaficha jambo muhimu: pakruok ni mnada wa majina. Anayelipa ndiye mwenye haki ya kutaja. Okatch Biggy, aliyefariki mwaka 1997, alijaza nyimbo zake za benga majina ya watu kiasi kwamba wimbo wa mapenzi ulikuwa pia daftari la jamii nzima.

Hebu mwandishi wa tamthilia afikirie maana ya hayo kwa kisa hiki. Stempenyu hawezi kumtaja Rokhele. Yeye ni mpigaji, hutaja majina ya waliolipa. Akimtaja mke wa mtu bila kulipwa, kijiji kizima kitajua kabla ya alfajiri. Kwa hiyo mtu pekee katika ukumbi ambaye ana wimbo wa kumtosha Rokhele ndiye mtu pekee asiyeweza kulitamka jina lake. Atafanya nini? Atapiga. Watu watalipa, watajisifu, watawasifu wachumba wao na magari yao, na baada ya kila sifa orutu itajibu kwa kituo kile kile kifupi ambacho ukumbi umeshakijua kuwa ni cha Rokhele. Hakuna neno lililosemwa na kila mtu ameelewa. Hili ni jambo ambalo Thomashefsky wa mwaka 1907 asingeweza kulipata kwa gharama yoyote, na linapatikana Homa Bay kila mwisho wa juma.

Kisha kuna mume. Riwaya inamzindua Moyshe-Mendl kwa njia ya haraka kidogo, na ni haki kusema kwamba huo ndio upande wake dhaifu. Mtu aliyelala kurasa nzima anaamka kwa sababu mwandishi anahitaji aamke. Pakruok ingeweza kuponya udhaifu huo. Katika harusi ya mwisho, mchimbaji huyu mnyamavu, ambaye hajawahi kutoa hata shilingi ngomani, anainuka, anatoa noti iliyokunjamana yenye vumbi la shimo, anasimamisha muziki wa Stempenyu, na kwa sauti inayotetemeka anamsifu mkewe. Hajui mafumbo, anababaika, watu wanacheka. Anaendelea. Na Stempenyu, kwa sheria ya kazi yake, analazimika kupokea fedha hiyo na kulipigia jina la Rokhele kwa niaba ya mumewe, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Baadhi ya wasomi watasema kwamba huko ni kuiacha riwaya. Ni kuiacha kwa hatua moja ili kuifikia pale ambapo yenyewe ilitaka kufika.

Pingamizi zito zaidi litatoka kwingine, na halipaswi kupuuzwa. Kuna watakaosema kwamba kisa cha mwanamke anayeacha mapenzi ya kweli na kurudi kwa mume asiyemjali ni kisa cha kuwafunga wanawake, na kwamba karne hii haihitaji tamthilia ya kumwambia binti wa chuo kikuu avumilie. Fasihi ya Kiswahili ina mifano ya kutia nguvu pingamizi hilo. Natala wa Kithaka wa Mberia, katika tamthilia ya mwaka 1997 yenye jina lake, anakataa kurithiwa na shemeji yake. La yake ni ya kutoka. La ya Rokhele yaonekana kuwa ya kurudi.

Wanaosoma hivyo wanamsahau Stempenyu ni nani. Ni mwanamume mwenye mke, ambaye katika kila mji ameacha msichana anayelia. Anampenda Rokhele, naam, na huenda safari hii ni kweli. Lakini hana cha kumpa zaidi ya usiku mmoja barabarani, na baada ya hapo yeye ataondoka na bendi ilhali Rokhele atabaki na wakwe na majirani. Khaye-Etl alikufa kwa ahadi za namna hiyo. Rokhele anapogeuka, hamtii mumewe wala mavyaa wala sheria. Anamkumbuka mwanamke mwenzake. La yake na la ya Natala zinatoka katika chungu kimoja: ni maneno ya mwanamke anayekataa kugawiwa na wanaume, mmoja kwa mila na mwingine kwa wimbo mtamu. Mwandishi wa tamthilia akilielewa hilo, sauti ya Khaye-Etl haitakuwa kizuka cha kuwatisha watazamaji. Itakuwa mhusika. Afadhali awepo jukwaani tangu onyesho la kwanza, akifua nguo kando ya Rokhele, akicheka, ili kifo chake kiwe na uzito kabla ya kuhitajika.

Na hatari ya kweli ni ile ya kinyume. Kikundi chochote cha wanafunzi kitashawishika kubadilisha mwisho ili Rokhele atoroke na mpiga orutu, kwa sababu ukumbi utapiga makofi. Bila shaka utapiga. Shomer naye alipigiwa makofi.

Freydl anahitaji uangalifu wa peke yake. Myahudi ambaye mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kukutana naye katika tamthilia ni Shailoki, mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi, na kwa wengi taswira hiyo ndiyo imebaki ya pekee. Tamthilia yenye mwanamke anayependa riba yaweza kuukoleza ubaguzi huo bila kukusudia. Akihamishiwa Osiri, Freydl hatakuwa Myahudi wa kuchekwa; atakuwa mama mwenye kibanda cha kukopesha wachimbaji, mtu ambaye kila mtu pale anamfahamu na wengi wanamdai shukrani. Mkono wake ni mgumu kwa kuwa mumewe ana mkono uliotoboka. Mtu akimcheka, akumbuke Princess Jully wa Migori, aliyeishika bendi ya mumewe baada ya mume kufariki mwaka 1997 na kuimba Dunia Mbaya. Mke wa mwanamuziki mara nyingi ndiye anayeufanya muziki uwezekane, na tamthilia za mapenzi humtia pembeni kwa urahisi mno.

Linabaki suala la lugha, ambalo katika kurasa za chama cha Kiswahili halikosi kuzua joto. Je, tamthilia ya Osiri yenye orutu na pakruok iandikwe kwa Kiswahili, au ni kuinyang'anya Kijaluo mali yake? Migori ni kaunti ya Waluo, Wakuria, Wakisii, Wasuba na wengineo, na mpaka wa Tanzania uko karibu; machimboni watu hao hukutana, na Kiswahili ndicho huwapatanisha. Mazungumzo ya tamthilia kuwa ya Kiswahili ni uhalisia tu. Nyimbo, kwa upande wake, zisitafsiriwe, na pakruok iachiwe Kijaluo chake pale mhusika anapokuwa Mjaluo. Mtazamaji kutoka Mombasa asielewe kila neno. Rokhele mwenyewe hakuhitaji maneno ili aielewe fidla.

Kuna wahadhiri watakaokunja uso wakisema kwamba kuchanganya hivyo ni kukichafua Kiswahili sanifu. Wangefaa kutazama hatima ya lugha iliyomzaa Stempenyu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Kiyidishi kilikuwa na wasemaji takriban milioni 11. Wanazi waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, wengi wao wasemaji wa lugha hiyo, na katika nchi za hifadhi watoto wa walionusurika wakalelewa kwa lugha nyingine. Isaac Bashevis Singer alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1978, alikuwa akiandika lugha ambayo kumbi zake za tamthilia zilikuwa zimekwisha karibu zote. Hakuna anayelinganisha mauaji hayo na jambo lolote la Homa Bay. Lakini lugha hufa kwa njia nyingi, na mojawapo ni ya upole kabisa: Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi walihamia Kijaluo kizazi baada ya kizazi, bila kulazimishwa na bunduki, mpaka Olusuba kikawekwa katika orodha za lugha zilizo hatarini. Kiswahili kina nguvu za kutosha kufanya hivyo kwa Kijaluo siku moja. Jukwaa la Kiswahili linaloacha nafasi kwa wimbo usiotafsiriwa linajua nguvu zake na kuzitumia kwa adabu.

Kuhusu uwezekano wa kazi yenyewe, wasiwasi si mkubwa. Christon Mwakasaka alimleta Gogol kwa Kiswahili mwaka 1979 katika Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na Gogol ndiye mwandishi ambaye Sholem Aleichem alimhusudu. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walipeleka London, katika ukumbi wa Globe, Wanawake wa Heri wa Windsor, tafsiri ya Joshua Ogutu, na Falstaff akachekesha kwa Kiswahili cha mitaani bila kupungukiwa na unene wake. Riwaya ya Stempenyu inapatikana kwa Kiingereza tangu tafsiri ya Hannah Berman ya mwaka 1913, na mwandishi wake amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa ya kuitungia tamthilia. Kilicho kigumu ni mpiga orutu. Vikundi vya vyuo vimezoea kumtafuta mwanafunzi mwenye sura nzuri, kumpa ala ashike, na kuweka kanda nyuma ya pazia. Safari hii itabidi mtu apande basi hadi Migori, amtafute mzee au kijana anayeishi kwa upinde wake, wapatane malipo ya mazoezi yote pamoja na maonyesho, na kumpatia mahali pa kulala. Hata akiwa si mzuri wa sura. Akishafika, kijana mwenye sura nzuri apewe nafasi ya Moyshe-Mendl.

Na mazoezi yaanze kwa onyesho la harusi, siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajakariri maneno yake. Mpigaji asimame katikati ya chumba. Binti atakayekuwa Rokhele aketi, asifanye lolote, asikilize mpaka wimbo uishe, kisha aulizwe kama angeondoka naye.